Mbili Mara Tatu Si Sita

Tabitha,

“Kazi ya mgonjwa ni kumeza. Kuuliza ni kazi ya daktari.”

Maneno hayo si yangu, na ungekuwapo ungejua mara moja ni ya nani. Ni ya mkuu wetu wa dispensari. Aliyasema Jumatatu mbele ya manesi wote, miezi miwili tangu tukuzike kijijini kwenu, Ziwa, na alipoyasema alikuwa ameshika bahasha ya dawa iliyochorwa majua yako matatu. Akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akaamuru kwamba kuanzia siku hiyo hakuna nesi atakayechora kitu chochote juu ya bahasha, na kwamba mimi nimkabidhi daftari lako la dawa kufikia Ijumaa, la sivyo nijiandae kwa uhamisho.

Leo ni Jumatano. Nimekaa jikoni mwako hapa Kiplombe, kwenye kile kigoda kinachoyumba, daftari liko mapajani. Dada yako amenipa chai akaniacha peke yangu. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, mkuu nitamjibu baadaye.

Kumeza! Kama kumeza kungetosha, sisi watu wa huku tusingeugua tena, maana nani anameza kutushinda? Tunameza hotuba za baraza la chifu tukiwa wima juani. Tunapiga kura kwa mlolongo, mstari mrefu tukauona kwa macho yetu, halafu tunaambiwa ule mfupi ndio ulioshinda, na tunameza. Yule mzee wa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, naye alimeza vizuri sana. Unamkumbuka? Alirudi kwetu mara tatu na kidonda kilekile. Alikuwa anameza tetrasaiklini kwa kikombe cha maziwa kila siku, kwa sababu kwake dawa ni kitu cha heshima na haiendi na maji matupu. Maziwa yakaishika dawa tumboni isifike popote. Alichokosa ni sentensi moja, na wewe ndiye uliyempa: “Mzee, maziwa ni yako, dawa ni ya kidonda. Usiwakutanishe.” Alicheka mpaka akashika dirisha la dawa. Na kidonda kikapona.

Huyo mkuu anasema maswali yanampotosha mgonjwa. Mimi nasema yanamponya. Nimejifunza hilo kwako, na nilijifunza kwa aibu.

Tulirudi darasani tukiwa wakubwa, wewe na mimi, kutafuta cheti cha juu kati ya wasichana ambao tungeweza kuwazaa. Kila Jumamosi mchana tulikutana jikoni humu. Ulimwaga maharagwe na mahindi mezani: maharagwe meupe ni aspirini, mekundu ni vidonge vya kuongeza damu, punje za mahindi ni klorokwini. Mimi nilikuja na vitabu vyangu. Mimi niliyesoma kila kitu, mimi wa kuandikia wahariri wa magazeti barua wasizothubutu kuchapisha, nilikuwa nakariri majina ya dawa kama mtoto anayejiandaa kubatizwa. Ukanifungia kitabu. “Jina lilitolewa na mwenye kiwanda,” ukasema. “Wewe niambie inafanya nini, inamdhuru nani, na utamuuliza mtu nini kabla hujampa.” Nilipokasirika ukanicheka: “Mimi ni wa Ziwa lisilo na maji, wewe ni wa ziwa lenye maji. Mbona ni wewe unayekauka?”

Maswali hayo matatu ndiyo daftari lako zima. Dawa moja, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mtu yeyote sokoni anaelewa. Hakuna siri nyingine humo ya kumtisha mkuu.

Halafu Kogo akaja. Huku kila mama mzee huitwa Kogo, lakini kwetu sisi wawili Kogo ni mmoja tu. Alikuwa na goti linalomuuma. Alipewa aspirini ya siku kumi, na juu ya bahasha pameandikwa 2x3, kama tulivyoandika maisha yetu yote: vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Siku ya sita alirudi ameegemea binti yake, anasema masikioni mwake kuna kinu cha posho kinachosaga bila kuzimwa, na choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Mkuu akaitazama bahasha tupu akasema kwa sauti, foleni yote ikasikia, “Shida ya hawa wamama ni kutojua kusoma.”

Kogo akainua kichwa. Bado naisikia sauti yake. “Mimi nasoma! Mimi niko darasa la gumbaru, ile ya watu wazima, nimemaliza kitabu ya kwanza. Hapa imeandikwa mbili mara tatu. Na mbili mara tatu ni sita. Nikakunywa sita asubuhi, sita jioni, kwa sababu goti inauma mara mbili.”

Watu walicheka. Wewe hukucheka. Ulimshika mkono ukamgeukia mkuu na kusema maneno ambayo hajakusamehe mpaka leo: “Daktari, huyu mama amesoma vizuri. Sisi ndio tuliandika vibaya.”

Alilazwa mjini, akaongezwa damu, akapona. Wewe ulimpeleka. Mimi nilibaki na bahasha ile mkononi, Tabitha, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu. Ulijua. Hukunitaja siku ile na hukunitaja kamwe. Jumamosi iliyofuata ulinisukumia bahasha mpya na kalamu, ukasema, “Haya, mtu wa maji, chora jua likitoka.”

Tukachora. Jua la asubuhi likichungulia juu ya kilima, jua la mchana peke yake, jua la jioni likizama. Chini ya kila jua, viduara viwili. Na pembeni sahani, maana aspirini hailiwi na tumbo tupu. Katika mwezi mmoja foleni nzima ilijua kusoma bahasha zetu, waliopita shule na wasiopita. Mpaka yule karani wa chifu akaja dirishani, kofia mkononi, anatafuta makosa: “Sista, hizi jua tatu ni alama ya chama gani? Mnajua chama ni kimoja.” Mimi nikaanza kukusanya bahasha nizifiche. Wewe ukamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye vidonge ulivyokuwa unahesabu, “Ni chama cha wale wanakula kwanza ndio wameze. Umekula, karani?” Hakuwa amekula. Ulimpa dawa yake ya kichwa na ukamtuma akatafute chapati.

Nakuja sasa kwenye lile ambalo sitaki kuliandika.

Ulikuwa unajua moyo wako. Ulijua tangu usichana kwamba ile homa ya viungo iliuacha na valvu mbovu, kile kilango cha damu. Ukurasa wa dijoksini, dawa yako ya moyo, uliuandika kwa ajili yangu, nimeutambua sasa. “Usimpe mtu dawa hii kabla ya kumshika mkono na kuhesabu mpigo. Ukipungua sitini, zuia. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili, moyo mgonjwa haujui hesabu ya kuzidisha.” Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha ulininyooshea mkono, na mimi nikahesabu. Sabini na nne. Sabini. Sitini na nane. Uliniambia nafanya mazoezi ya mtihani.

Asubuhi ile nilipata hamsini na mbili. Nikahesabu tena, dakika nzima, sikudanganya. Hamsini. Nikakizuia kidonge chako kama ulivyonifundisha, nikaita gari. Siku ya tatu watu wa hospitali wakaniambia umekwenda. Nilifanya kila kitu kilichoandikwa ukurasani, Tabitha. Kila kitu. Na bado.

Basi. Machozi nilikwisha kuyalia, na mkuu akaona ni ruhusa ya kuifuta kazi yako.

Sasa sikiliza habari, utazipenda. Jana, siku moja tu baada ya amri, nilitoa dawa kwa bahasha zenye maandishi matupu, kama nilivyoagizwa. Nilipochungulia nje nikaona watu hawaondoki. Wamejipanga upya mbele ya benchi lililo chini ya ukuta. Na juu ya benchi, Kogo, goti limenyooshwa, penseli ya gumbaru mkononi, bahasha juu ya kitabu chake cha hesabu. Anamuuliza kila mmoja, “Sista amesema nini?” Akijibu, Kogo anamchorea majua yake. Asipojua, Kogo anamrudisha dirishani: “Rudi uulize! Usiogope, mimi nilinyamaza nikakunywa sita.” Mkuu alitoka, akasimama, akatazama. Alikuwa amewakataza manesi kuchora. Wagonjwa hakuwakumbuka. “Mama, unafanya nini hapa?” akauliza. Kogo akamjibu, “Nasoma, daktari. Si ulisema hatujui?”

Na daftari lako? Wasichana watano wa darasa letu wamelinakili, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na michoro. Mimi hili lako silitoi. Ijumaa nitaingia ofisini kwake mikono mitupu na kumwambia hivyo mbele ya macho yake. Akinihamisha, popote atakaponipeleka kuna dirisha, na dirishani kuna foleni. Mtihani ni mwezi ujao. Nitaufanya, na nakuahidi kwamba katika kila dawa watakayoniuliza nitajibu maswali yako matatu hata kama wameuliza moja.

Pumzika, mwanamke wa Ziwa. Mkono wako nimewaachia walio huko waushike. Mimi bado nahesabu dakika nzima.

Nakala ya barua hii nitaiacha chumba cha chai, kwa hiyo nanyi manesi wenzangu mnaoisoma, na mtakaopelekewa huko Turbo na kwingineko, msijifanye haiwahusu. Tabitha hataki maua yenu. Kesho asubuhi, kabla hujamwachia mtu bahasha, ishikilie upande wako wa dirisha na umuulize, “Mama, utakunywa namna gani?” Na usiiachie mpaka akujibu.