Nchi ya Kwanza na Nchi ya Pili

Baba Skola, mume wangu,

Sijui barua hii niipeleke wapi. Wengine wanasema uko Mbeya, kwenu kabisa, umefungiwa karibu na mama yako na yeye hana habari. Wengine wanasema Mbeya ulipitishwa tu, ukapelekwa mbali zaidi. Ulezi umevunwa mara mbili tangu Landrova ile ikuchukue hapa Milanzi, na kila nikienda ofisini kuuliza naambiwa nirudi wiki ijayo. Nimechoka na wiki ijayo. Nimeamua kuiandika barua iwe wazi, asikie kila mtu, labda midomo ya watu itakufikishia huko uliko.

Unaikumbuka siku yenyewe? Ilikuwa alasiri ya kisomo cha watu wazima, mvua za mwisho mwisho, darasa linanuka makoti yaliyolowa. Mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani Sumbawanga nzima. Dukani unaambiwa yamekwisha kabla hujafungua mdomo. Mzee Kalisto, balozi wetu wa nyumba kumi, ndiye aliyeanza. "Mwalimu, hayo mafuta yako kwa nani hata atunyime hivi?"

Wewe nawe ukiulizwa kidogo hujui kujibu kidogo. Ukachukua chaki, ukachora nchi mbili za Waarabu zimegusana, Kuwait kadogo kama punje pembeni ya Saudi Arabia. Ukasema zote mbili zina mafuta chini hadi basi, na kila moja inatawaliwa na ukoo wake, wanarithishana. "Sasa tazameni zinavyotofautiana."

Hapo ukanoga. Ukasema Kuwait wana bunge la kuchaguliwa, na mbunge anaweza kusimama akamhoji waziri, hata kama waziri huyo ni ndugu wa mtawala, na kesho yake gazeti likaandika. Saudi Arabia hakuna uchaguzi wala bunge. Mfalme na ndugu zake wakishaamua wameamua, na gazeti linajua wapi pa kuishia. Mzee Kalisto akacheka. "Lakini wanakula?" Ukamjibu kwamba kote kuwili wanakula vizuri, wanatibiwa bure, wanasoma bure, ndiyo maana wengi hawaulizi.

Mimi nikanyoosha mkono. "Na wanawake wanapiga kura?"

Ulinitazama kwa namna ile, mpaka wenzangu wakaanza kunong'ona. "Kote kuwili hapana, Mama Skola. Hata hiyo Kuwait msiifanye pepo. Wapiga kura ni wachache, na amiri, mtawala wao, akichukia anaweza kulivunja bunge." Lo, nilijiona mkubwa! Mimi wa Milanzi, niliyekwishapiga kura ya mbunge kati ya alama ya nyumba na ya jembe, kumbe namzidi mke wa tajiri wa mafuta.

Katibu wa darasa alikuwa mgonjwa siku ile, ndipo ukaniambia, "Andika wewe muhtasari, mwandiko wako sasa umenyooka." Miaka miwili nyuma nilikuwa natia dole gumba. Ulinifundisha pale pale kwenye meza yetu ya chakula, umenishika mkono, unanikemea nisiikabe kalamu kama mwiko wa ugali. Basi nikaandika kila ulichosema kwenye daftari, na nchi zote kwa majina yake. Nilipofika nyumbani nikanakili muhtasari wa kupeleka ofisi ya kata. Karatasi ilikuwa moja tu, unajua karatasi zilivyokuwa taabu, na majina yale yalijirudia kila mstari. Nikaona nifupishe ili yote yaenee. Nikaandika "nchi ya kwanza" na "nchi ya pili". Juu nikaweka kichwa, Mafuta na Utawala, chini nikaweka Katibu, basi. Nikaisoma mara tatu kwa raha zangu, nikajiona nimeandika kama mtu wa ofisini. Mzee Kalisto, ambaye herufi zinampiga chenga hadi leo, nikampa aipeleke kama kawaida ya mabalozi.

Mungu wangu! "Katika nchi ya pili hakuna wa kumhoji kiongozi. Gazeti huandika linaloruhusiwa. Watu hunyamaza kwa sababu wanapewa." Mtu ambaye hakuwepo darasani angeielewaje, kama si nchi yetu hii?

Wale wa Landrova walipokuja nilikuwa uani napepeta ulezi. Bwana mkubwa wao alishika karatasi yangu, imepigwa mistari myekundu. "Nchi ya pili ni ipi, Mwalimu?" Ukamjibu, Saudi Arabia. Akacheka. "Mbona haikuandikwa? Haya kaandika nani?"

Ukautazama ule mwandiko. Uliufundisha mwenyewe. Ile k yangu yenye mkia mrefu, uliyokuwa ukinitania kwayo kila siku, ilikuwa imejaa karatasi nzima. Hukugeuka kunitazama. Ukasema, "Ni mimi niliyeandika."

Nami nikaendelea kupepeta! Baba Skola, nikaendelea kupepeta. Nilijiambia, nikisema tutachukuliwa wote wawili, Skola abaki na nani? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na nimeitumia mpaka imechakaa. Niliogopa, basi. Ulipanda gari bila koti, na baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita unaijua.

Bado hujasikia baya zaidi. Watu walipouliza nani kakuchongea, wakakumbuka aliyeipeleka karatasi ofisini. Mzee Kalisto! Msimu wa kulima alipika pombe akaita watu shambani kwake, kama anavyofanya kila mwaka, na hakwenda hata mmoja. Pombe ikachacha kwenye mitungi. Alilima peke yake na mkewe, wazee wawili, na mimi nikawapita na kikapu changu kichwani. Jumapili moja alinisubiri nje ya kanisa. "Mama Skola, mwanangu, ile karatasi ilikuwa na nini?" Nikamwambia sijui. Nikaondoka hata shikamoo sikumpa.

Juzi nimesikia ameomba kibali ahamie Namanyere kwa binti yake. Amesema hawezi kufia mahali ambapo hakuna atakayemchimbia kaburi. Nilipoisikia habari hiyo nikaenda kutafuta karatasi.

Nimeziwaza sana nchi zako zile mbili, mume wangu. Kama sisi hatufanani na nchi ya pili, yule bwana aliitambuaje upesi vile? Siku nyingine nataka kwenda kumuuliza hivyo hivyo, kwa sauti. Halafu najiuliza mwenyewe. Darasani nilinyoosha mkono kuwaulizia wanawake wa Kuwait, uani nikashindwa kuunyoosha kwa ajili ya mume wangu. Hakuna mfalme aliyenishika mdomo pale. Nilijishika mwenyewe.

Skola amekua, anaandika jina lako ukutani kwa mkaa, sina moyo wa kulifuta. Anauliza utarudi lini, nami namwambia wiki ijayo. Unaona nilivyojifunza kwao!

Kesho ni siku ya kisomo. Nitasimama mbele ya darasa, Mzee Kalisto akiwepo, niisome barua hii yote, na yeye nimpigie magoti. Kutoka hapo naenda moja kwa moja ofisini na lile daftari la kwanza, lenye majina. Nguo za Skola nimeshazifunga, mama yangu anamchukua asubuhi. Naogopa hata sasa ninapoandika, lakini nitakwenda. Koti lako nitalivaa mimi, kwa sababu wakinichukua huenda wakanileta huko huko uliko, nikuvishe.

Na wakuu watakaoipokea barua hii wasome vizuri hapa, karatasi safari hii ninayo ya kutosha. Nchi ya kwanza ni Kuwait. Nchi ya pili ni Saudi Arabia. Mwalimu hakuandika hata neno moja.

Nisamehe, Baba Skola. Jifunike vizuri.

Ni mimi niliyeandika,

Mkeo, Mama Skola