Wanataka Kocha Afukuzwe, Nami Najua Alichokificha Mume Wangu

Bi Verna,

Salamu kwako na kwa wote wanaokusoma. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, mtoto kanilalia mguuni, mwandiko ukipinda usinicheke. Nimechagua gazeti lenu kwa sababu linachapishwa mbali na hapa kwetu, na majina yote nimeyabadilisha isipokuwa la mtoto, nilijaribu kumpa jina lingine nikaona kama naandika habari za mtoto wa watu. Naomba unisaidie mawazo, maana yangu yamefika mwisho.

Nina miaka ishirini na moja, shule niliachia darasa la kumi, na mume wangu, nimwite Wade, anacheza mpira wa helmeti hapa chuoni, ni mmoja wa wale watano wazito wa mstari wa mbele ambao kazi yao ni moja tu, kumkinga mrushaji asifikiwe, na Wade husimama kushoto kabisa, upande ambao mrushaji akigeuka kurusha haoni kitu, kwa hiyo mgongo wake wote uko mikononi mwa Wade. Hao watano wana kocha wao, si yule mkuu, ni wa mstari tu, nimwite Yoakum. Bi Verna, huyu mzee ametulea. Opal alipozaliwa wiki tano kabla ya siku zake mke wa Kocha ndiye aliyekaa nami hospitalini, na Kocha mwenyewe alikuja kutufungia kitanda cha mtoto, filimbi bado iko shingoni. Kila Alhamisi vijana wake hula kwake, nyama ya ng'ombe aliyoifukiza moshi tangu alfajiri, na hakuna kuondoka mpaka kila mmoja ameosha sahani yake.

Sasa mji mzima unataka afukuzwe. Jumamosi iliyopita mrushaji wetu, Beau, kijana wa miaka ishirini, alipigwa kwa nyuma na mtu aliyepita upande wa Wade bila kuguswa hata kidole, akakunjika, uti wa mgongo ukavunjika, na mpaka leo hajasogeza mguu. Uwanja ule wenye watu elfu arobaini ulinyamaza mpaka nikamsikia Opal akinyonya chuchu yake ya mpira. Baada ya mechi Kocha akasimama mbele ya vinasa sauti, akasema, "Kosa ni langu. Si la mtoto yeyote. Ni langu." Hakumtaja mtu. Kesho yake watu wakaanza kuchomeka vibao uani kwake, vile vya NYUMBA INAUZWA, kumwambia ahame, nimepita na kigari cha mtoto nikavihesabu kumi na tatu, na mke wake alikuwa dirishani, nikampungia mkono, akapunga.

Mimi nauza kahawa kwenye kituo cha mafuta, na huko ndiko maneno yote huletwa. Juzi mzee mmoja akasema, "Huyu Yoakum hawezi kumfundisha hata ng'ombe kusimama zizini." Mwenzake akamjibu, "Wangu wanasimama vizuri tu, bwana, usiwaingize ng'ombe wangu kwenye aibu hii." Wakacheka, kisha yule wa kwanza akanigeukia, "Na wewe binti, mumeo si yumo kwenye hao watano? Mwambie Kocha wenu afungashe." Nikamwambia, "Kahawa yako hiyo mzee, ina moto." Nikaingia stoo nikalia juu ya maboksi ya vikombe.

Nililia kwa sababu najua wasichokijua. Kila Agosti kabla ya msimu wachezaji hufanya mtihani wa kichwa kwenye kompyuta, maneno yanapita unaulizwa umeyaona yapi, rangi ikibadilika unabonyeza, na alama zako zinawekwa, ili ukigongwa kichwa katikati ya msimu urudie, ukiwa umeshuka unakaa nje. Basi wale wakubwa huwafundisha wadogo kuanguka ule wa Agosti makusudi, ili siku ya kugongwa usionekane umeshuka. Wote wanafanya. Wade alirudi siku ile anacheka, "Mama Opal, leo nimejifanya bwege mpaka kompyuta ikanionea huruma." Nami, Mungu anisamehe, nikacheka, nikamwambia, "Wala hukuhitaji kujifanya."

Jumanne ya wiki ile ya mechi akagongwa kichwa mazoezini. Alirudi akatapika, akamwita mbwa wetu kwa jina la mbwa aliyekufa yeye akiwa na miaka saba, mwanga ukawa unamchoma, nikatundika blanketi ya Opal dirishani. Jumatano akarudia mtihani wa kompyuta, akafaulu. Alhamisi akashindwa kwenda kula, basi saa kumi jioni Kocha akaja mwenyewe na sahani yake imefunikwa. Bi Verna, huyu mtu ana sauti moja tu, ya uwanjani, hata kanisani akiimba watoto wanageuka nyuma, lakini siku ile alisimama mlangoni, akaitazama ile blanketi, akavua kofia, akaanza kuongea polepole kama anayebembeleza, kabla hata hatujamwambia neno. Sijawahi kumwona na huruma namna ile. Opal alikuwa macho mapajani kwangu, anamchekea.

"Mtabibu wa timu kasemaje, mwanangu?"

"Kasema nimefaulu, Kocha."

"Basi umefaulu." Akamshika bega. Halafu akanigeukia mimi, "Jumamosi hii tu, binti. Baada ya hapo tuna wiki ya mapumziko, atalala mpaka achoke kulala."

Nikamshukuru. Nikamfungia na mkate wa mahindi ampelekee mkewe.

Siku ya pili baada ya Beau kuumia Wade akaniambia, nimempa kisogo nakunja nguo, "Niliwaona wawili. Nikamzuia yule asiyekuwepo." Nami sikugeuka, niliogopa kumwona uso.

Sasa Ijumaa ijayo bodi ya chuo inakaa kuamua habari ya Kocha. Mimi nimewaandikia barua mara mbili nikaichana, kuwaambia kwamba Wade aliudanganya mtihani, kwamba alikuwa anaona watu wawili, na Kocha hana kosa, anabeba tu la mwenzake. Wade anasema nikithubutu ufadhili wake unaondoka, nyumba hii ya chuo inaondoka, na wale wanaotafuta wachezaji wa ligi ya kulipwa wakiona jina lake watageuza ukurasa. Anasema, "Kocha mwenyewe kasema ya chumba chetu cha kuvalia yabaki humohumo." Jumamosi ijayo, wiki ya mapumziko ikiisha, anacheza tena, anasema yuko sawa sasa, ingawa blanketi hajanikubalia niitoe.

Basi nauliza, Bi Verna, huyu mzee anastahili kufukuzwa kweli? Na kama hastahili, nimuuze mume wangu ili nimwokoe aliyetulea? Mimi naamini ipo njia wote wawili wakapona. Hata Opal walisema hamalizi wiki, na huyu hapa ana meno manne.

Wako,
Mama Opal


Mama Opal,

Jina la mtoto nimelibadilisha mimi, kwa hiyo usishtuke kumwona ana jina jipya. Na jibu hili nimekutumia kwa posta ya haraka siku ileile barua yako ilipofika, kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha, uliyosahau kuificha. Gazeti hutoka Ijumaa na mechi ni Jumamosi. Wengine mnaosoma leo mnasoma barua iliyokwisha fika.

Pole, mwanangu. Nakupa pole moja kubwa, halafu nianze kukugombeza, maana muda hatuna.

Umeniuliza kama kocha anastahili kufukuzwa, na jibu umeniletea mwenyewe bila kujua. Rudi mlangoni kwako ile Alhamisi. Mtu mwenye sauti moja tu, ya uwanjani, anafika, anaona blanketi dirishani saa kumi na jua linawaka, na kabla hujafungua kinywa anashusha sauti. Kwa nini aliishusha? Mtoto hakuwa amelala. Umeandika mwenyewe kwamba alikuwa macho, anacheka. Aliishusha kwa sababu alijua kelele inakiumiza kichwa kile. Mzee huyo amekaa na vijana wa kugongana miaka kuzidi umri wako, na dirisha lililozibwa mchana si mara yake ya kwanza kuliona. Alijua, mama. Alijua akiwa amesimama kwenye kizingiti chako na sahani ya nyama mkononi, na ndiyo maana alikuahidi wiki ya kulala. Mtu mzima anaahidiwa kulala mpaka achoke kwa ugonjwa gani, kama amefaulu?

Wewe ukaona huruma. Sikatai, ilikuwepo. Alimhurumia mumeo na bado akampeleka uwanjani. Hayo mawili hukaa moyoni mwa mtu mmoja bila kugombana, nawe kwa umri wako ulikuwa hujajifunza. Sasa umejifunza, kwa bei mbaya.

Aliposema mbele ya vinasa sauti kwamba kosa ni lake, alikuwa anasema kweli. Nyinyi wote mkadhani ni uungwana.

Kwa hiyo ndiyo, anastahili. Si kwa hayo wanayopigia kelele wazee wa kahawa, wala kwa hivyo vibao uani, ambavyo ni ukatili wa watu wasio na kazi, na mke wake hakustahili hata kimoja. Anastahili kwa maneno mawili, "Basi umefaulu." Wade alimletea ufaulu wa uongo, naye akaupokea kwa mikono miwili kwa sababu ulikuwa unamfaa. Vitanda alivyofunga na sahani alizopakua ni wema wa kweli, mshukuru mpaka kufa kwako. Lakini mtu akikupa nyama Alhamisi hajanunua kichwa cha mumeo Jumamosi.

Sasa wewe. Ulicheka Agosti. Jumatano Wade alishindana na bwege aliyemtengeneza mwenyewe, akamshinda, nawe ulikuwa mshangiliaji. Sikuhukumu sana, mlikuwa watoto wawili jikoni mnataniana. Ila usiniambie unataka kusema ukweli halafu uniandikie nusu. Barua yako kwa bodi, hiyo uliyoichana mara mbili, ulifanya vizuri kuichana. Ilimtwisha Wade mzigo wote na kumwacha mzee akipepewa. Na wale wakubwa wanaofundisha wadogo kuanguka mtihani kila mwaka, na chuo kinachojua na kujifanya hakijui, hao nao walikuwa wapi katika barua yako?

Halafu umezungumza habari ya Ijumaa, Ijumaa, Ijumaa. Kocha akifukuzwa Ijumaa, Wade atavaa helmeti Jumamosi vilevile. Kocha akibaki, atavaa. Umehangaika na kazi ya mzee wakati mtu anayeona watu wawili yuko chumbani kwako gizani, na umempa mstari mmoja mwishoni mwa barua kama aliyekumbuka chumvi wakati wa kupakua. Kichwa kilichogongwa kikigongwa tena kabla hakijapona, watu huzikwa. Nimelisema wazi kwa sababu naona hakuna aliyekuambia wazi.

Leo hii, si kesho, mpeleke hospitali ya wilaya, si kwa mtabibu wa timu. Mwambie daktari yote: Agosti, Jumanne, kutapika, jina la mbwa, watu wawili. Sema wewe mbele yake, usimwachie asimulie yeye. Omba uandikiwe kwa maandishi kwamba hachezi, ukaipeleke mwenyewe karatasi hiyo kwa kocha mkuu, na nakala ubaki nayo. Wade atafoka. Atasema umemuuza. Mwache afoke, mtu anayefoka yuko hai, na nyumba ya chuo ikiondoka mtalala kwa mama yako na mtakula mnachokipata. Wengi wamelala kwa mama zao na wakaamka.

Barua ya bodi iandike ya tatu, mkishatoka kwa daktari, na ndani yake uweke mlango, blanketi na sauti iliyoshuka. Usiongeze tusi. Usipunguze kitu.

Na kuna mtu hukumtaja kabisa. Beau ana mama. Uliandika kwamba uwanja ulinyamaza ukasikia chuchu ya mtoto wako, na mahali fulani katika ukimya huo alikuwepo mwanamke mwingine, naye anamsikiliza wake. Anastahili kuujua ukweli kwako kabla hajausoma gazetini. Nenda. Usimpelekee mkate wa mahindi. Kaa mbele yake, useme, na akikufukuza, ondoka bila kujitetea.

Unatumaini wote wapone. Wote hawatapona, Mama Opal, mmoja tayari hasogezi miguu. Bakiza tumaini lako kwa huyu anayeweza bado.

Hayo mengine ni ya baadaye. Sasa hivi weka karatasi hii chini, itoe ile blanketi dirishani, mfunike nayo macho asiumizwe na jua njiani, na gari uendeshe wewe.

Bi Verna