Kwa Nini Bado Sijawa Kapteni

Kijenge, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Mbinga? Kaka Beno ameniambia umeanza tena kupanda hadi kwenye kahawa, nikafurahi, ingawa najua hukumwomba daktari ruhusa. Mimi ni mzima. Huku mvua imeangusha ukuta wa jirani, lakini chumba changu hakivuji.

Mama, juzi kwenye simu uliniuliza, "Ukapteni umefikia wapi?" nikasema mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa na shida. Nilishindwa kukueleza kwa mdomo, ndiyo maana naandika.

Unajua kampuni yetu ya ndege imeungana na nyingine ya hapa hapa Arusha. Kila kampuni ilikuwa na orodha ya marubani wake, aliyetangulia kazini akiwa juu. Orodha hiyo ndiyo inayoamua nani apandishwe kuwa kapteni, nani achague likizo kwanza, na nani aondoke kazi ikipungua. Sasa orodha mbili zilipaswa kuwa moja. Tukanuniana miezi mitatu. Watu waliozoea kutaniana uwanjani kila asubuhi wakaanza kunywa chai meza tofauti.

Mwakilishi wetu alikuwa Kapteni Anaeli, yule mama wa Kimeru aliyenifundisha kutua kwenye viwanja vya nyasi upepo ukipiga ubavuni. Orodha mpya ilipangwa kwa tarehe za kuajiriwa, na jina lake lilikuwa la kwanza kabisa. Tulikutana ukumbini kule Themi tuipigie kura. Kabla hatujapiga, akasimama.

"Tarehe yangu si sahihi," alisema. "Siku hiyo niliajiriwa kuwa karani wa kupima mizigo. Nilikaa miaka miwili ndipo nikarusha ndege. Nihesabiwe tangu niliporuka."

Mwenzetu mmoja akaropoka, "Kapteni, unatuuza?"

"Simuuzi mtu. Nataka orodha ambayo hata wao wakiisoma wataiamini."

Akashuka hadi nafasi ya tano. Mama, hakuna aliyejua! Angenyamaza tu. Upande wa pili alikuwepo Kapteni Mushi, mzee mwenye maneno makali, aliyekuwa akituita wanyang'anyi miezi yote ile. Alivua miwani, akawaambia wenzake, "Mama huyu amefungua faili lake. Na sisi tufungue yetu."

Hapo nikajua na zamu yangu imefika. Unakumbuka nilipoajiriwa nilikaa karibu mwaka ofisini nikipanga ratiba za safari. Kwa tarehe iliyoandikwa, mimi ndiye niliyefuata kuwa kapteni, na nilijua umeshawatangazia kina mama wa jumuiya. Kapteni Anaeli hakunigeukia hata mara moja. Nadhani alifanya makusudi, niamue mwenyewe. Nikanyoosha mkono, nikasema na mimi nihesabiwe tangu niliporuka. Nafasi ikaenda kwa Joakimu, rubani wa upande wa pili. Orodha ikapita siku hiyo hiyo, na tukakubaliana kwamba aliyekwisha kuwa kapteni hatarudishwa kuwa msaidizi.

Nisikudanganye, nililia nilipofika nyumbani. Jumapili Kapteni Anaeli akanipeleka kwake, kule mlimani kwenye migomba, akanipa ndizi na maziwa mgando. Nikamuuliza kama hajutii.

"Najuta kidogo nikiona ratiba ya likizo," akacheka. "Lakini wale watu nitaruka nao mpaka nistaafu."

Krismasi hii atakuwa kazini, wakati wanawe wote wanakuja nyumbani. Sijamsikia akilalamika. Natamani sana kuwa mtu wa namna ile.

Jana niliruka na Joakimu kwa mara ya kwanza. Alipokaa kiti cha kushoto, kile cha kapteni, hakugusa kitu kwanza. Akasema, "Dada Agatha, nafasi hii ulikuwa nayo mkononi."

"Sikuwa nayo, kaka," nikamjibu. "Soma orodha ya ukaguzi, abiria wamefunga mikanda."

Tukapaa. Meru ilikuwa wazi hadi kileleni, na tulipokaribia uwanja wa hifadhi ya wanyama akaniambia, "Tua wewe." Nikatua vizuri, Mama, magurudumu hata hayakuruka.

Nisalimie kaka Beno na wifi, baba mdogo anayekuangalizia ng'ombe, na shangazi, mwenyekiti wako wa jumuiya. Mwambie ukweli wote awapelekee kina mama, asiufupishe.

Binti yako anayekupenda,
Agatha, rubani msaidizi