Maiti wa Kitabu cha Tatu

Bagamoyo, Jumatano, Juni 1973

Nimeichana sura nzima ya mwisho, na bado sijui kama nimefanya vyema.

Asubuhi nilimsomea Baba sura hiyo, kama nilivyomsomea vile vitabu viwili vya mwanzo. Tangu macho yake yaharibike, yeye ndiye msikilizaji wangu wa kwanza. Hadithi ni ileile: dunia imeungua kwa mabomu, watu wachache wamebaki pwani wakitafuta maji yasiyo na sumu. Katika kitabu hiki cha tatu nimewaua wote isipokuwa Mwanaidi, shujaa wangu.

Nilitegemea atasifu. Yeye akauliza, "Mwanangu, hao maiti nani kawaosha?"

"Hakuna, Baba. Watu wamekwisha."

"Hata sanda?"

"Hata sanda."

Nikakasirika. Nikamwambia hayo ni mambo ya kubuni tu. Akapapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu.

"Kaka zako wote wako Maskati. Mimi nikifa utafanyaje, mwanamke peke yako?"

Nikamjibu kwamba majirani wapo, msikiti upo. Akaitikia kwa kichwa, lakini mkono hakuuachia. Najua, na yeye anajua, kwamba nusu ya nyumba za mtaa wetu zimetiwa makufuli; wenyewe nao wamehamia Maskati na hawarudi.

Tangu alasiri naandika upya. Mwanaidi anamchimbia baba yake kaburi mchangani kwa mikono yake, na kila akichota, mchanga mwingine unaporomoka. Nimefika ukurasa wa nne. Kaburi halijamfika hata magotini.