Macho ya Malkia

Alkhamisi, 20 Januari 1966

Visheti vimeungua upande mmoja. Jiko la huku Maskati bado halijanizoea. Mzinga wa futari umelia na Mama, kama kila siku, kajiziba masikio kwa viganja. Sisi tunakula tende, yeye anangoja kuta zitulie. Alikuwa mtoto wa miaka sita, mwaka 1896, Waingereza walipolipiga mizinga jumba la mfalme kule Unguja. Baba yake alikuwa ndani. Hakutoka.

Ndugu yangu Khalfan bado yuko Dubai. Bila ruhusa ya serikali haingii Maskati. Nassor, mume wangu, kamwomba Mzungu wa ofisini kwake amsemee. Mzungu kasema ataona. Nimelichoka neno hilo.

Jumatatu, 24 Januari. Idi pili

Nna hasira mpaka kalamu inachana karatasi.

Mzungu kaja kutupa mkono wa Idi. Kahawa, halua, yote sawa. Kisha macho yake yakatua rafuni, kwenye kopo la udi la Mama. Kopo la biskuti la Kiingereza, la jubilei ya Malkia wao wa zamani. Malkia katikati, manowari nyuma yake, pembeni watu wa kila rangi wamepiga magoti, mmoja kavaa kilemba. Mzungu akalisifu. Akalisifu tena. Nassor, na ustaarabu wake, akatamka lile tunalotamka sote mgeni akisifu kitu: "Tafadhali, ni lako." Mtu wa kwetu angejibu, "Lipo mahali pake, Mungu akuzidishieni," kikabaki kitu pale pale. Mzungu akashukuru.

Mama akaumwaga udi wake kwenye leso, akamkabidhi kopo. Tulipokimbia Unguja aliacha bangili zake lakini kopo alilibeba.

Jumatano, 26 Januari

Mama hali. Nimembembeleza kwa uji, akasukuma bakuli. Leo ndipo aliposema kisa cha kopo.

"Tulipewa na wao wenyewe, mwaka mmoja baada ya mizinga. Mabibi wa Kizungu walikuja kugawa biskuti kwa mayatima. Nikamwona pale pembeni yule wa kilemba, kapiga magoti. Nikasema, huyu baba. Nikachukua msumari nikamtoboa Malkia macho. Asimtazame."

Maisha yangu yote nimelipangusa vumbi kopo lile. Nilidhani yale matundu ni kutu.

Nassor anasema tusimguse Mzungu mpaka ruhusa ya Khalfan itoke. Ana haki. Leo namchukia kwa haki yake.

Ijumaa, 28 Januari

Nimekwenda mwenyewe. Nimesomesha Kiingereza Unguja miaka mingi, bibi wa Mzungu hanitishi. Kanikaribisha chai. Nikamweleza ada yetu, taratibu. Akaiva uso mpaka shingoni, maskini. Mumewe hakujua. Kopo atalirudisha, lakini kuna kitu anakitengeneza kwanza, nimpe siku mbili.

Akaniambia makopo kama yale yalijaa kila nyumba kwao. Bibi yake mzaa mama alipokuwa mdogo alikula biskuti huku akihesabu nchi zao pale pichani. Alilisema kwa mapenzi. Basi ndivyo walivyotujua, tumepiga magoti, na wao wana makombo mdomoni. Nikakiweka kikombe chini.

Nassor kashajua nilikokwenda. Hasemi nami. Namuogopea Khalfan.

Jumapili, 30 Januari

Kopo limerudi, limefungwa karatasi ya maua. Limesuguliwa, linang'aa. Kumbe bibi yule ni mchoraji. Kayaziba matundu, kampaka Malkia macho mapya, ya buluu.

Na kadi. Watakuja Alkhamisi kunywa kahawa, Mzungu ana khabari ya Khalfan. Njema au mbaya, kadi haisemi.

Mama ana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. Kalipapasa kopo kwa kidole gumba, taratibu, akafika pale palipokuwa na matundu yake. Laini.

"Wamemrudishia?"

Nikamwambia ndiyo. Akalifunika kwa kanga. Nassor katuomba sote wawili, kwa Mungu, Alkhamisi ipite salama.

Alkhamisi, 3 Februari

Kahawa nimeshaitwanga. Nassor kaenda kuwachukua wageni.

Alipotoka tu Mama kanipa msumari. Sijui aliutoa wapi. "Mimi sioni tena, mwanangu. Mtoboe wewe."

Nikasema, Mama, na Khalfan?

"Khalfan ni mjukuu wa yule wa kilemba."

Nikakaa na msumari mkononi. Nilimfikiria ndugu yangu, chumba chake cha kupanga kule Dubai. Kisha nikamtoboa. Rangi ilikuwa bado mbichi, ilitoka upesi.

Udi nimeurudisha ndani. Kopo nimeliweka rafuni, linaelekea kiti anachokaa mgeni. Mama kala uji bakuli zima, sasa kalala. Hodi bado haijapigwa.