Kijiko Kisicho na Nyongeza

Mama,

Mjukuu wako amelala mapajani pangu. Naandika kwa mkono mmoja, huu mwingine nimemwekea kifuani nisikie anavyopumua. Ni saa nne asubuhi. Hamisi ameenda kazini, alirudi mlangoni mara tatu kumtazama mwanawe kabla hajaondoka. Nikiutoa mkono naogopa. Nikiuacha pia naogopa, ila kidogo.

Nikupe kwanza habari njema. Ni msichana, na tumempa jina lako, Mariamu. Alizaliwa siku ya thelathini na moja tangu tukuzike, wiki tano kabla ya siku zake. Watu walikuwa wanajiandaa kwa arobaini yako, na mimi nikaanza yangu ya uzazi. Wale wale waliokuja kukusomea ndio waliobaki kunifunga tumbo na kunipikia uji wa pilipili manga. Bi Khadija, jirani yako wa meza pale sokoni, alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilikuwa nakutafuta wewe kati yao. Kila mlango ukifunguliwa nageuka. Mjinga mimi.

Mtoto ni mdogo, Mama. Alishindwa kunyonya. Akishika titi anavuta mara tatu, anachoka, analala. Wakanifundisha hospitalini kukamua kwa mkono na kumnywesha kwa kikombe, tone kwa tone, akilamba. Lakini maziwa yenyewe, sijui ni huzuni, sijui ni nini, yalikuwa yanafunika tu kitako cha kikombe. Uzito ukagoma kupanda. Daktari akaandika maziwa ya mkebe, ya kuongezea mpaka yangu yatoshe. Alieleza jinsi ya kumpa. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Unajua ninavyoitikia nikiwa na hofu. Sikusikia hata nusu, na yale maandishi ya kwenye mkebe niliyasoma juu juu.

Sasa nitakuambia nilichofanya. Sijamwambia mtu yote, hata Hamisi.

Nilimpimia mtoto kama ulivyonifundisha kupima.

Unakumbuka? Nilikuwa darasa la tatu, ukaniachia gorogoro, lile kopo lako la kupimia, kwa mara ya kwanza. Nilijaza maharagwe, nikapitisha kiganja juu, nikasawazisha vizuri, nikajiona hodari. Ukanipiga kikofi mbele ya mteja. "Zuhura! Unamkata mtu? Jaza mpaka yamwagike, kisha umpe nyongeza. Kipimo cha bapa ni cha mchoyo." Ukachota viganja viwili ukamwongezea yule mama, ukamwomba radhi kana kwamba nimemwibia. Tangu siku hiyo sijawahi kusawazisha kitu. Mchele, ndengu, unga, hata sukari ya chai ya wageni. Majengo nzima walijua kwamba kwa Mama Zuhura hakuna kipimo cha bapa.

Basi nilipofungua ule mkebe nikaona kijiko cha ndani, kidogo mno, nilimwonea huruma mwanangu. Nikakijaza kilima. Kisha nusu kijiko juu yake. Nilikuwa hata nasema kwa sauti, "Na hii ya bibi." Kila mara. Nilikuwa natabasamu, Mama. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Na si hilo tu. Nilijiuliza, nimpe mtoto maji ya nini? Maji yana nguvu gani? Nikawa nakoroga unga ule wa mkebe ndani ya maziwa yangu niliyokamua. Nikadhani nimemzidi daktari akili. Bi Khadija alipoona yalivyo mazito alifurahi. "Hapo sasa atanona," akasema. Tukacheka.

Siku tatu.

Siku ya kwanza alilala sana, nikasema ameshiba. Siku ya pili choo kikatoka kigumu, vipunje vipunje, naye akijinyonganyonga. Nepi niliyomfunga asubuhi niliifungua mchana ikiwa kavu. Nikasema maziwa yote yanaingia mwilini. Mama, nilifurahia nepi kavu! Siku ya tatu, mchana, nilimpapasa kichwa, kidole kikazama utosini. Midomo imekauka. Macho yake yalikuwa wazi na hayanitazami. Hamisi alikuwa amekuja kula. Aligeuka mwenyewe akaniona, akaacha sahani.

"Zuu, hii si poa. Leta leso, twende hosi saa hii."

Sijui tulifikaje. Nakumbuka nilikuwa na kandambili mguu mmoja, na ule mkebe nimeukumbatia.

Wakamchukua wakamwekea dripu. Kumtafuta mshipa tu, Mama, mkono wenyewe mwembamba kama kidole changu. Muuguzi mmoja, mtu mzima kiasi chako, akaniketisha. "Hebu nionyeshe unavyomchanganyia." Nikamwonyesha. Kilima, na nyongeza. Nikamwambia unga naukoroga kwenye maziwa yangu. Kisha akachukua kijiko mkononi mwangu, akapitisha mgongo wa kisu juu yake, unga wote wa ziada ukarudi mkebeni.

"Hivi, mama. Bapa. Na maji yaliyochemka, kwa kipimo kilichoandikwa, wala si maziwa yako. Ukitia unga kwenye maziwa yako unamkausha. Figo zake changa, haziwezi." Akaniambia nimpe yangu kwanza, peke yake, lisipotee hata tone. Akimaliza ndipo nimpe ya mkebe. Akisaza, nimwage.

Nikamuuliza, "Na nyongeza?" Sijui kwa nini niliuliza. Hakucheka.

"Hiki hakina nyongeza, binti yangu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alilazwa kwenye jengo lile lile ulikolazwa wewe. Nilikaa kwenye benchi lile lile. Asubuhi yake daktari akatoka na karatasi akaita, "Mariamu! Nani wa Mariamu hapa?" Mara ya mwisho daktari kuliita jina hilo mbele yangu, alitaka niwaite ndugu zangu waje haraka. Nilishindwa kusimama. Nilijua. Nilijua kwamba nimelirudisha jina lako duniani, kisha nimeliua tena, mimi mwenyewe, kwa kijiko chako.

"Amekojoa," akasema daktari. "Njoo umbadilishe."

Ile nepi, Mama. Nzito, ya moto. Niliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea zawadi ya harusi. Hamisi akafikiri nimerukwa na akili.

Tumerudi nyumbani wiki sasa. Uzito umepanda, kidogo, lakini umepanda. Maziwa yangu yanafika nusu kikombe, nampa hayo kwanza kama nilivyoambiwa. Hofu ndiyo haijaisha, imetoka hospitalini pamoja nasi. Nachemsha maji, napima, nakwangua kwa kisu, natazama kwa jicho moja kama fundi, nakwangua tena. Jana nilisahau kama nimetia vijiko viwili au vitatu. Nikamwaga vyote, nikaanza upya huku mtoto analia. Bi Khadija alikuja kunisaidia, akachota kilima kwa mazoea. Nilimnyang'anya kijiko mkononi! Mtu mzima vile. Alinitazama, nikaona aibu imenifunika. Kisha akasema taratibu, "Basi nifundishe, mwanangu." Nikamfundisha. Akakikwangua mwenyewe, bapa.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Niliposimama pale karibu na dripu nilisema, kwa nini hukuniambia kuna vipimo vya kusawazishwa? Ulinifundisha kuwapa watu, ukaniacha kabla hujanifundisha kuzuia mkono.

Halafu juzi, nikikwangua, nikakumbuka. Nilikuwa na kikohozi, mdogo sana, na ile dawa ilikuwa tamu. Ulimimina kwenye kijiko ukiwa umeinama, umekunja uso, ikazidi tone, ukairudisha chupani. Nikasema, "Mama, nyongeza." Nikakunyooshea kijiko kama wateja wako. Ukaficha chupa mgongoni. "Dawa haina nyongeza. Lia unavyotaka." Nikalia. Hukunipa.

Kumbe ulinifundisha. Mimi ndiye niliyekukumbuka nusu.

Nisamehe kwa hasira ile. Na nisamehe kwa hiyo "ya bibi", nilivyokutia kwenye kosa ambalo usingelifanya.

Arobaini yangu ikiisha na mtoto akipata nguvu nitarudi kwenye meza yako. Gorogoro litajaa mpaka limwagike, na kila mtu ataondoka na nyongeza yake, hilo usiwe na shaka nalo. Lakini huyu nakuahidi nitampimia bapa. Kila mara, hata akilia, hata watu wakiniita mchoyo. Na akifika darasa la tatu nitamweka mbele ya maharagwe, nimfundishe vyote viwili siku moja.

Kwaheri, Mama. Mungu akulaze pema. Nataka kuandika zaidi lakini nasikia joto mapajani. Leso imelowa, dera limelowa, na pembe hii ya barua imelowa.

Amekojoa, Mama. Amekojoa tena.

Wako,
Zuhura