Buti za Mzee Mogaka

Jumapili, 2 Februari 2025

Mzee Mogaka, baba yake mchumba wangu Loice, amepiga simu kutoka Houston. Mambo ya mahari tutaongea, kasema, ila koti na kofia za desturi ya mkwe tubaki nazo. Anataka buti. Za ngozi, za Kiingereza, za mtengenezaji yuleyule wa zile alizovaa meneja wa shamba la majani chai aliyemwajiri babake mzee huko Kericho. Mtengenezaji nani, nikauliza. Utaniambia wewe ukija, akajibu. Akanipa dalili mbili tu: kisigino kina chuma, na utepe wa nyuma, wa kuvutia buti mguuni, umeshonwa kwa msalaba. Loice anasema baba hatanii. Mchumba wa dadake alileta saa badala ya redio aliyoagizwa. Dada bado yuko nyumbani.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeuliza mtandaoni. Kuna mzee Mwingereza anayejua buti kama sisi tunavyojua ng'ombe. Msalaba ule, kasema, ni wa karakana mbili tu za mji wa Northampton, Uingereza: Tilcott na Hadlow. Zote zilishafungwa. Chuma cha kisigino kinaelekea kwa Tilcott. Kinaelekea tu, akaonya.

Jumatano, 12 Februari

Nimezipata! Mjini DeSoto, hapa Texas, kwenye duka la mitumba, chini ya rundo la mikoba. Chuma kipo, msalaba upo. Baada ya shift nime-drive hadi Fort Worth kwa fundi viatu. Akapangusa soli kwa kitambaa chenye maji, akamulika tochi. TILCOTT, herufi hafifu. Sikupiga picha. Nilichoka, na jina nimeshalijua.

Ijumaa, 21 Februari

Shangazi yangu Jeptoo amezichukua "azitengeneze kidogo". Zimerudi zinang'aa. Soli imepigwa msasa na rangi nyeusi. Muhuri wa jina hakuna. Nikamuuliza, shangazi, umefanya nini? Akashangaa: mkwe hapelekewi mitumba inayojulikana ni mitumba. Kwetu ni aibu. Najua. Ndiyo maana sikuweza kumgombeza. Nimekasirika tu.

Jumamosi, 22 Februari. Houston

Naandika garini, nje ya nyumba ya kina Loice.

Tulikaribishwa vizuri, tukala. Mzee Mogaka akaletewa buti. Akazigeuza, kidole kikapita kwenye soli, kikarudi, kikapita tena. Nani kafuta hapa? Shangazi akajibu kabla sijafungua mdomo: ni mimi, baba Loice, nilitaka ziwe na heshima. Mjomba wake Loice akacheka puani, kwamba hawa wameokota buti yoyote. Mzee akaniangalia mimi. Haya kijana, jina la mtengenezaji.

Tilcott, nikasema.

Rudia.

Nikarudia. Akawaambia watu wote watoke, hata mjomba, hata mimi.

Shangazi amekaa kiti cha nyuma. Loice yuko jikoni na wanawake, ananitumia meseji: amesemaje? Kupitia dirisha la sebule namwona mzee peke yake, buti mapajani. Hajasema kitu, nimemjibu. Lakini anavua sandali.